Kaa wa Tanganyika na Ufundi wa Kunusa

Kaa hana pua. Pale ambapo sisi tumewekewa pua, yeye amewekewa kazi. Chini ya ukingo wa gamba lake, katikati ya macho mawili yaliyosimama juu ya vikonyo, pana vishimo viwili, na katika kila kimoja kumekunjwa kipapasio kifupi ambacho mtu hukikosa kwa urahisi, kwa kuwa jicho hukimbilia kwanza magando. Kaa akishatulia majini huvikunjua vipapasio hivyo na kuanza kuvipiga: chini kwa ghafla, juu polepole, kituo kidogo, chini kwa ghafla, juu polepole, kituo. Asiyejua hudhani mnyama anatetemeka. Ajuaye huvuta jiwe akakaa kitako, maana hivyo ndivyo kaa anavyonusa, na kila mpigo ni kazi iliyokamilika.

Barabara itokayo Bujumbura kuelekea Rumonge hubanwa kati ya mlima na ziwa. Ukishalipita jiwe la Mugere, mahali walipofika Livingstone na Stanley mnamo Novemba 1871, mchanga wa fukwe za mji huanza kupungua, na ukifika Gitaza mawe yameshaingia majini. Katika mawe ya namna hiyo huishi kaa wa jenasi ya Platythelphusa, ambao asili yao ni Tanganyika peke yake. Mashuhuri kuliko wote, Platythelphusa armata, alielezwa na Mfaransa Alphonse Milne-Edwards mwaka 1887. Mwingereza Cunnington akaongeza mwingine baada ya msafara wake wa 1904 na 1905, Mbelgiji Capart akaongeza tena mwaka 1952 kutokana na uchunguzi uliofanywa ziwani 1946 na 1947, na mwaka 2004 Saskia Marijnissen na wenzake wakatangaza aina mbili mpya. Siku hizi wapo wataalamu wanaotaka kaa hawa waingizwe katika jenasi ya Potamonautes, pamoja na kaa wa mito ya Afrika, na hoja yao ina nguvu. Wa zamani walikwenda mbali zaidi kwa upande mwingine: J. E. S. Moore, kwa kuwatazama konokono na kaa wa hapa walivyofanana na wa baharini, alishawishika kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari kilichosahaulika bara, akatoa kitabu kizima juu ya hoja hiyo mwaka 1903. Alikosea, lakini namwelewa. Ukiliona gando la Platythelphusa armata, bahari ndiyo inayokujia akilini.

Gando hilo limesifiwa sana. Mwaka 1991 West, Cohen na Baron waliandika jinsi konokono wa ziwa hili walivyozidi kuwa na magamba mazito na kaa wakazidi kuwa na magando ya kuyavunja, kila upande ukimsukuma mwenzake kwa maelfu ya vizazi. Ni habari ya kuvutia, na siipingi. Ila nadhani sifa imekwenda kwa kifaa cha pili. Kabla gando halijavunja kitu, sharti ijulikane chakula kiko chini ya jiwe lipi, na usiku, katika nyufa za mawe, jicho halimfikishi kaa mbali.

Bujumbura ni mji wa uvuvi wa taa. Jua likizama, mitumbwi iliyounganishwa pamoja na ile mikubwa inayoitwa Apollo huingia ziwani na taa zake. Ndagala huufuata mwanga, mukeke humfuata ndagala, na asubuhi wote wawili wako sokoni. Hayo ni maisha ya juu, ya wanyama wanaotumia macho. Chini mawe yako gizani, na huko habari husafiri ndani ya maji.

Habari hizo husafiri vibaya. Konokono aliyepasuka, au ndagala aliyedondoka wavuni, huachia asidi amino na chembechembe nyingine ndogo zilizokuwamo mwilini mwake. Maji yanayotembea hayazitawanyi sawasawa. Huzivuta zikawa nyuzi nyembamba; nyuzi hizo hukatika, hujikunja, hupishana na maji matupu. Kaa aliye umbali wa mita moja hapokei harufu hafifu isiyokatika. Hupokea uzi mmoja, halafu hakuna kitu, halafu nyuzi mbili kwa pamoja, halafu hakuna kitu kwa muda mrefu. Angeingoja harufu imjie, angepata vipande visivyoungana. Ndiyo maana haingoji.

Upande mmoja wa kipapasio umepandwa nywele laini zilizopangwa kwa safu, na hizi ndizo nywele za kunusia. Mambo haya yamechunguzwa kwa undani zaidi kwa kamba kochi wa Karibea, Panulirus argus, ambaye vipapasio vyake ni virefu na rahisi kufanyia kazi. Anazo nywele zaidi ya 1,000 katika kila kipapasio, na unene wa unywele mmoja ni milimita 0.02 hivi. Kwa kitu chembamba kiasi hicho, maji si yale tunayoyajua sisi. Chovya kitana ndani ya asali ukisogeze taratibu: asali haipiti katikati ya meno, hukizunguka kitana chote kana kwamba ni ubao. Kwa nywele za kamba kochi maji ya kawaida yana mnato wa namna hiyo. Kipapasio kikienda polepole, maji hukizunguka. Kikienda kasi, maji hupenya katikati ya nywele.

Hapo ndipo ninapovua kofia. Unene wa nywele, nafasi iliyoachwa kati yake na kasi ya mpigo vimelingana hivi kwamba kipapasio hufanya kazi mpakani kabisa, mahali ambapo badiliko dogo la mwendo hugeuza ubao kuwa kitana na kitana kuwa ubao. Mtafiti Mimi Koehl wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley na wenzake walilionyesha jambo hili katika jarida la Science mwaka 2001. Walikifunga kipapasio cha kamba kochi kwenye mashine, wakaipigisha mashine ule mpigo wa kamba mwenyewe ndani ya mfereji wa maji yenye rangi, wakayamulika maji kwa leza ili nyuzi za rangi zionekane zikiingia na kutoka. Katika pigo la kwenda chini, lililo la haraka, maji mapya yaliingia katikati ya nywele na kuyasukuma nje yaliyotangulia. Katika pigo la kurudi, lililo la polepole, hayakuingia mapya wala hayakutoka yaliyokwisha kuingia. Katika kituo yalibaki pale pale, na muda huo ukatosha harufu kuzama ndani ya nywele. Mpigo wa pili ukayafagia hayo na kuchota mengine, na hata mchoro wa zile nyuzi, nafasi yake katika safu ya nywele, ulikuwa umehifadhiwa.

Kwa hiyo pigo la haraka ni la kuchota, pigo la pole ni la kushika, na kituo ni cha kusoma. Mtu akiniuliza ufundi ni nini, ningemwonyesha tofauti hiyo ya mwendo kati ya kushuka na kupanda. Kipapasio kinachoshuka na kupanda kwa kasi moja kingepoteza kwa pigo la pili kile kilichopatikana kwa la kwanza. Kaa wa kweli, wenye vipapasio vifupi vya kukunjwa, wana nywele zilizosongamana kama kishada badala ya kutandazwa kwa safu ndefu, lakini kanuni ni ile ile, na ukimtazama kaa wa Gitaza kwa utulivu utaiona tofauti ya mwendo kwa macho yako bila mashine yoyote.

Unywele wenyewe hauna tundu. Gamba lake ni jembamba kiasi kwamba chembe za harufu hupenya na kuingia. Ndani yake, katika kamba kochi, zimo ncha za seli za neva zipatazo 300, zimejigawa kuwa vijitawi vyembamba mno. Juu ya vijitawi hivyo vipo vipokezi vinavyozishika chembe za harufu. Vipokezi hivi ni vya ukoo wa kale. Vina undugu na vile ambavyo seli za ubongo, hata wetu sisi, huvitumia kupokeana glutamati. Wadudu nao wanavyo, ila wao wamejiongezea aina nyingine ya kwao. Kaa na kamba wamebaki na zana ya mababu, na sioni kwamba imewapunguzia chochote.

Kaa wa ziwani ana shida ambayo nduguye wa baharini haijui. Seli ya neva inahitaji chumvi kuizunguka ili iweze kutoa ishara, na unywele mwembamba unaopitisha harufu hupitisha pia chumvi. Baharini chumvi ipo tele nje na ndani. Katika maji baridi ni mwili ndio unaobeba mzigo huo. Namna mojawapo ya kuubeba ilionekana kwa kaa wa buluu wa Amerika, Callinectes sapidus, ambaye huishi baharini na pia hupanda mitoni. Richard Gleeson na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba kaa huyo akihamia maji baridi, vijitawi vya neva vilivyomo ndani ya unywele hufupika, vikarudi karibu na shina, ambako mwili unaweza kuvizungushia umajimaji wake wenye chumvi. Unywele kwa nje hubaki vile vile. Ndani yake fundi amehamisha meza.

Seli hizo 300 hazifanyi kazi moja. Nyingi hutoa ishara harufu inapozifikia, na hukoma inapoondoka. Ila Barry Ache na wenzake, katika maabara ya Whitney ya Chuo Kikuu cha Florida, walikuta zipo nyingine zinazojilipua zenyewe kwa vipindi hata kama hakuna harufu yoyote: moja kwa haraka, nyingine kwa nafasi, nyingine kwa nafasi kubwa zaidi, kila moja na mapigo yake. Harufu ikifika wakati seli fulani iko karibu kulipuka, hulipuka mapema. Ikifika mara tu baada ya mlipuko, seli hukaa kimya. Kwa kuwa ziko nyingi na mapigo yake hayalingani, kundi zima linaposomwa pamoja linaeleza jambo ambalo seli moja haiwezi kulieleza: ni muda gani umepita tangu uzi wa mwisho wa harufu upite. Na muda huo ni ramani. Karibu na chanzo nyuzi huja zikifuatana. Mbali nacho huja kwa nafasi. Mnyama anayejua kuipima nafasi ya kati anajua pia kama anakaribia au anapotea, kabla hajaulizwa harufu ni kali au ni hafifu.

Baada ya hapo ndipo ubongo unapoingia. Uko nyuma kidogo ya macho, mdogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha wa kidole cha mwisho. Sehemu yake ya katikati ina lobu mbili za kunusa, kushoto na kulia, na kila lobu imejengwa kwa vifundo vya neva vyenye umbo la koni, vilivyopangwa kandokando ncha zikielekea ndani. Wataalamu huviita glomeruli. Kamba kochi wa Karibea anavyo zaidi ya 1,000 kila upande. Kamba mkubwa wa Atlantiki, Homarus americanus, anavyo kiasi cha 250 tu, wala hakuna anayemwona mjinga. Nyuzi za neva kutoka kwenye nywele huingia katika vifundo hivi, na humo hukutana na aina mbili za seli. Za kwanza hazitoki nje ya lobu. Kazi yake ni kuwasikilizisha majirani, na mara nyingi kuwanyamazisha, ili ishara moja isizame katika kelele za nyingine. Za pili ndizo zinazochukua matokeo na kuyapeleka mbele.

Na mbele, kwa mnyama huyu, ni juu. Njia ya neva itokayo kwenye lobu za kunusa hupanda hadi ndani ya vikonyo vya macho. Njiani, ya kushoto na ya kulia hukutana, zikagawana nyuzi, zikaachana, hivi kwamba kila kikonyo kinapata habari za vipapasio vyote viwili. Nilipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza nililirudia. Kile kijiti kinachobeba jicho, ambacho watoto ufukweni hukigusa ili kaa akiinamishe, kimebeba pia sehemu ya ubongo ambako harufu hukutana na mambo mengine na kugeuka kumbukumbu. Watafiti wa Buenos Aires waliofanya kazi na kaa wa matope wa Argentina walionyesha mwaka 2016 kwamba sehemu hiyo ya kikonyo hushika alama ya kumbukumbu, na kwamba alama hiyo hutegemea mahali ambapo kaa alijifunza. Wanaona kwamba ina asili moja na vituo vya kumbukumbu vya wadudu. Hoja hiyo bado inabishaniwa na wanaobishana wanajuana vizuri, mimi nawaachia.

Seli moja sitaki kuipita. Katika ubongo wa Homarus, kila upande una seli ya neva kubwa mno yenye serotonini, ambayo peke yake hutandaza matawi yake katika lobu nzima ya kunusa na katika lobu nyingine iliyo jirani yake. Seli moja juu ya maelfu. Haibebi habari ya harufu yoyote. Hubadilisha hali ya karakana nzima.

Njia hii ya vipapasio si ya pekee. Kaa na kamba wana nywele nyingine zilizotapakaa miguuni, mdomoni na hata juu ya vipapasio vyenyewe, zinazoonja na kugusa kwa pamoja, na habari zake huenda sehemu nyingine za ubongo. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba kamba kochi aliyenyolewa nywele zake za kunusia bado hukifikia chakula kilicho umbali wa mita mbili. Basi zile zote, ufundi wote huo, za nini? Jibu lilitoka kwenye mambo ya jamii. Aliyenyolewa hula, lakini hawajui tena wenzake.

Kaa na kamba hutoa mkojo mbele ya uso, kupitia matundu yaliyo kwenye shina la vipapasio virefu. Kamba wa Atlantiki wanapopigana hurushiana mkojo huo, na aliyeshindwa humtambua aliyemshinda wakikutana tena hata baada ya wiki. Jelle Atema na wanafunzi wake walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi huko Woods Hole. Kamba kochi hupenda kulala pango moja wengi pamoja, na hulichagua pango kwa harufu ya waliomo. Mwaka 2006 Donald Behringer na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba kamba wazima hukataa kulala na mwenzao aliyeambukizwa kirusi fulani hatari, na humkataa mapema, kabla hajaanza kuwaambukiza wengine. Sisi tulihitaji maabara kugundua kirusi hicho.

Wapo jamaa walioupandisha ufundi huu nchi kavu. Kaa mnazi, Birgus latro, aliye mkubwa kuliko wanyama wote wa nchi kavu wasio na uti wa mgongo, bado yupo katika kisiwa cha Chumbe karibu na Zanzibar. Akiwa mzima hawezi hata kuogelea, huzama. Lakini hupiga vipapasio vyake hewani, chini na juu, vile vile babu zake walivyovipiga majini, na lobu zake za kunusa zimekua zikawa sehemu kubwa ya ubongo wake. Marcus Stensmyr na wenzake walipompima mnyama huyu katika kisiwa cha Christmas, wakachapisha mwaka 2005, walikuta vipapasio vyake vinaitikia harufu za hewani kwa namna inayofanana na wadudu. Harufu za mzoga na za nazi zilimvuta. Wadudu na kaa mnazi waliiacha bahari kila mmoja kwa wakati wake na kwa njia yake, wakafikia suluhu zinazokaribiana.

Utunzaji wa zana nao una utaratibu. Baada ya kula, kaa hukishusha kipapasio, hukibana kati ya miguu midogo iliyo kando ya mdomo, yenye vinyweleo vya kusugulia, kisha hukivuta juu, tena na tena, kimoja halafu cha pili. Kwa kamba kochi imejulikana kinachochochea usafi huo: ni glutamati, chembe inayojaa majini mnyama anapotafuna nyama. Kwa maneno mengine, chakula chenyewe hutoa amri ya kuosha. Ukiona kaa anasugua vipapasio bila sababu, ujue karamu imekwisha dakika chache zilizopita.

Hata hivyo zana huchakaa. Nywele za ncha ya kipapasio ndizo zinazogongwa na mawe na kushikwa na uchafu. Mnyama anapojivua gamba, nywele kuukuu hupungua upande wa ncha na mpya huota upande wa shina, hivi kwamba safu nzima inasogea polepole kuelekea mwisho wake. Kila unywele mpya huja na seli zake mpya, na seli hizo lazima zipeleke nyuzi hadi kwenye lobu na kupata nafasi katika vifundo ambavyo tayari vimejaa. Lobu nayo huongezewa. Mwaka 1997 Manfred Schmidt alionyesha kwamba kaa wa pwani za Ulaya, Carcinus maenas, huzaa seli mpya za neva katika sehemu ya kunusa ya ubongo wake akiwa tayari amekomaa. Kwa kamba wa maji baridi David na Renate Sandeman waligundua kwamba mazingira yana neno: aliyefungiwa peke yake katika chombo kitupu huzaa seli chache kuliko aliyeishi na wenzake mahali penye mambo ya kufanya. Na maabara ya Barbara Beltz, mwaka 2014, ikatoa dai lililowashtua wengi, kwamba seli hizo mpya za ubongo hutokana na seli za damu. Kamba waliotumika ni Procambarus clarkii, wale wale walioletwa ziwa Naivasha nchini Kenya mwaka 1970 na ambao wakazi wa huko wanawajua zaidi kwa jinsi walivyoligeuza ziwa lao.

Anayetaka kuona kwa macho yake aende kusini mwa mji wakati wa kiangazi, Julai au Agosti. Mvua zikianza, Ntahangwa na Kanyosha hushusha udongo mwekundu, na upande wa mji maji huchafuka hadi mtu hauoni mguu wake mwenyewe. Awaulize wavuvi kwanza habari za viboko na mamba, tena aulize kwa adabu, maana wao ndio wanaojua. Akishampata kaa katika maji ya kina kifupi, amwache atulie, kivuli chake kisimwangukie. Ahesabu mapigo ya vipapasio. Halafu amfunge ndagala mmoja kwa uzi na kumweka mbali kidogo, upande yanakotoka maji, wala asimsogeze. Mapigo yataongezeka kabla mguu wowote haujainuka. Baadaye kaa ataanza kutembea, atasimama, atapiga, atageuka kidogo, atapiga tena. Atakapofika, mtazamaji afungue uzi amwachie ndagala, abaki pale pale mpaka usafi uanze.